Taa ya Injini Baada ya Hedi Kushushwa

Gari limechemsha njiani, hedi imeshushwa, gasketi mpya imefungwa, na mwenye gari amelipa pesa aliyokuwa ameipangia mambo mengine. Siku ya tatu, akiwa anarudi Sikonge kutoka Ipole, taa ya njano yenye umbo la injini inawaka kwenye dashibodi. Anakwenda moja kwa moja gereji.

"Fundi, gari bado lina tatizo."

"Mzee wangu, injini iko sawa kabisa. Hiyo itakuwa sensa tu."

Sensa inaagizwa Gerezani, Dar es Salaam, inapakiwa kwenye basi, inafika, inafungwa. Taa inazimika kwa kuwa betri ilichomolewa. Baada ya siku mbili inawaka tena, na sasa kuna lawama kati ya watu wawili ambao walikuwa wanaaminiana.

Jibu hilo la fundi ndilo linalonisukuma kuandika. Taa inayowaka siku chache baada ya kazi kubwa ya injini ni nadra kuwa inazungumzia kifaa kilichochakaa ghafla. Mara nyingi inazungumzia kazi yenyewe: bomba dogo la hewa ambalo halikurudishwa, soketi iliyoingizwa nusu, waya wa ethi uliobaki ukining'inia nyuma ya injini, mnyororo wa taimingi uliokaa jino moja nje ya alama. Sensa iliyofanya kazi miaka kumi haina sababu ya kufa wiki ileile hedi iliposhushwa, isipokuwa iliguswa, ilidondoshwa au ilimwagiwa kitu. Kwa hiyo uchunguzi uanzie pale mikono ilipopita. Mengine yote ninayoeleza hapa yanatokana na hilo.

Tuanze na taa yenyewe, maana inasingiziwa mengi. Ilizaliwa kwa sababu ya moshi. Jimbo la California nchini Marekani lilitaka magari ya kuanzia toleo la 1988 yawe na uwezo wa kujikagua, na kuanzia toleo la 1996 Marekani nzima ikawa na mfumo mmoja: tundu la pini 16 chini ya dashibodi, na namba za hitilafu zinazofanana kutoka kampuni hadi kampuni. Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Japani ilikwenda na utaratibu wake wa ndani, na ndiyo maana baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Wajapani, kama Toyota IST na Noah za miaka ya mwanzo ya 2000 ambazo zimejaa barabarani kwetu, hukataa kuongea na vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu. Tundu ni lilelile, lakini lugha ndani yake inatofautiana. Mwenye gari akiambiwa "kontroli boksi imekufa, haisomeki," na atafute kwanza mashine nyingine kabla hajaamini.

Kwa kuwa taa iliwekwa kulinda moshi, kuna mambo mazito haiyaoni. Beringi za kreni zinaweza kugonga na taa ikabaki imezimika. Presha ya oili ina taa yake nyekundu. Joto nalo lina kipimo chake, ingawa magari mengi madogo ya Kijapani hayana hata mshale, yana taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka mara nyingi umeshachelewa. Dashibodi safi haithibitishi kwamba hedi imefungwa vizuri. Na taa ya injini kuwaka haina maana kwamba injini inakufa. Inasema jambo moja tu: kuna kipimo kimetoka nje ya mipaka. Kazi ya kutafuta kwa nini ni ya binadamu.

Sasa, kwa nini inachelewa siku mbili tatu? Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haiwashi taa kwa kushtuka mara moja. Kwa hitilafu nyingi zinazohusu moshi, ikiona kasoro katika safari ya kwanza inaiandika pembeni na kunyamaza. Safari kwa maana yake ni injini kuwashwa, kupata joto, gari kutembea kiasi cha kutosha kwa kipimo husika kufanyika, kisha kuzimwa. Kasoro ikijirudia katika safari inayofuata, ndipo taa inawaka. Gari lililokabidhiwa Jumamosi jioni likaendeshwa hadi nyumbani, likapumzika Jumapili, likaenda shambani Jumatatu, linaweza kuwasha taa Jumanne kwa kosa lililokuwemo tangu Jumamosi. Mwenye gari anaona ugonjwa mpya. Fundi naye, kwa nia njema kabisa, anaapa gari lilitoka kwake likiwa zima. Wote wawili wamepotoshwa na kalenda.

Si kila hitilafu inasubiri hivyo. Sensa ambayo waya wake umekatika au soketi haijachomekwa huwasha taa ndani ya sekunde chache baada ya kuwasha gari. Muda wenyewe basi ni ushahidi. Taa iliyowaka gari likiwa bado uani mwa gereji inakupeleka kwenye soketi na nyaya. Iliyosubiri siku kadhaa inakupeleka kwenye hewa, petroli na mpangilio wa kuwaka. Mteja akiulizwa swali hilo moja tu, taa iliwaka lini na gari likiwa linafanya nini, nusu ya kazi inaweza kuwa imekwisha kabla boneti haijafunguliwa.

Jambo la pili ni kusoma kabla ya kufuta. Namba ya hitilafu inapohifadhiwa, mashine nyingi huonyesha pia hali ya injini dakika ile ile: joto la maji, mizunguko kwa dakika, mwendo wa gari, mzigo uliokuwapo. Fundi anayechomoa betri ili taa izimike ameichana karatasi hiyo bila kuisoma. Namba ya mchanganyiko usio sahihi iliyoandikwa gari likiwa limesimama, injini ina moto, ni habari tofauti kabisa na namba ileile iliyoandikwa gari likiwa kwenye kilometa 90 kwa saa likipanda mlima. Ukifuta, habari hiyo unaikosa hadi namba irudi tena.

Nitakaa kidogo kwenye namba P0171, kwa sababu kwa injini za petroli zilizotoka kufunguliwa naiona kuwa ndiyo inayopotosha watu kuliko zote. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Petroli inahitaji hewa takriban gramu 14.7 kwa kila gramu moja ili iungue vizuri. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi huonja moshi, na kontroli boksi huongeza au kupunguza petroli ili kurudisha uwiano huo. Kiasi inachoongeza au kupunguza huandikwa kwa asilimia, na mashine nzuri inakionyesha. Asilimia chache juu au chini ya sifuri ni kawaida. Ikivuka 10 kwa kudumu, kuna jambo. Ikifika karibu na kikomo chake, kontroli boksi inakata tamaa na kuwasha taa.

Ona sasa kosa linavyotokea. Mashine inaandika kwamba petroli ni kidogo, fundi anasoma, anajua taarifa hiyo hutoka kwenye ekzosi, anasema sensa ya oksijeni imekufa. Lakini sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa! Imesema kweli kwamba hewa imezidi, nasi tunataka kuitupa kwa sababu imesema. Kubadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu ya P0171 bila kupima lolote ni kutupa pesa ya mtu, na kwa mkulima anayesubiri masoko ya tumbaku yafunguliwe, pesa hiyo ina majina ya watoto na ada zao.

Kinachotakiwa ni kutazama zile asilimia injini ikiwa sailensi, yaani bila kukanyagwa, kisha ikishikiliwa kwenye mizunguko kama 2,500. Zikiwa juu sana kwenye sailensi na kushuka unapokanyaga, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Tundu dogo linaonekana kubwa pale injini inapovuta hewa kidogo, na linapotea pale inapovuta nyingi. Angalia gasketi ya manifoldi ya hewa, ambayo mara nyingi hurudishwa ileile ya zamani iliyokwisha kubonyea. Angalia bomba la buti la breki. Angalia kibomba cha hewa chafu kinachotoka kwenye kifuniko cha valvu, na ule mpira mkubwa kati ya boksi la chujio na throtoli, ambao kwa umri huu wa magari hupasuka kwenye mikunjo unapovutwa ili kupisha kazi. Ikiwa asilimia ni nzuri kwenye sailensi lakini zinapanda kadiri unavyokanyaga, basi shuku petroli: pampu dhaifu, chujio lililoziba, nozeli chafu. Zikiwa juu kila mahali, itazame sensa inayopima hewa inayoingia. Huenda iliguswa kwa kitambaa chenye oili, au boksi la chujio halikufungwa vibano vyote.

Kuna tundu jingine ambalo wengi hawalifikirii. Hedi ikishushwa, manifoldi ya ekzosi nayo hufunguliwa. Ikirudishwa na gasketi iliyochoka, moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa ndani. Sensa ya oksijeni iliyoko mbele kidogo inaonja hewa hiyo na kusema petroli ni kidogo, wakati injini haina shida yoyote. Kontroli boksi inaongeza petroli isiyotakiwa, gari linakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, na namba iliyoandikwa inasema kinyume. Sikiliza mlio wa tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, na tafuta alama ya masizi kwenye maungio.

Kutafuta hewa inayoingia kwa siri, wapo wanaonyunyiza petroli juu ya injini inayounguruma ili wasikie mlio ukibadilika. Nawasihi waache. Ekzosi ipo hapo hapo, ina moto wa kutosha kuwasha. Maji kwenye chupa ya kunyunyizia yanatosha kwa tundu la wastani: ukilinyunyizia, huziba kwa nukta moja na mlio hubadilika. Gereji kubwa hutumia mashine ya moshi. Katika nchi hii ya wafuga nyuki nimesikia pendekezo la kutumia bomba la kufukizia mizinga, na naelewa ubunifu wake, lakini lile bomba lina makaa ndani na injini ina mvuke wa petroli. Halifai.

Vitabu vya ufundi navyo vinahitaji kusomwa kwa jicho la mahali ulipo. Nyanda za Unyamwezi ziko juu ya bahari kwa karibu meta 1,200, na hewa hapa ni nyepesi. Dar es Salaam mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101. Huku ni kama 88. Kwa injini zenye sensa ya mgandamizo, washa swichi bila kuwasha injini, na mashine ikuonyeshe namba iliyo karibu na hiyo 88. Ikikuonyesha 101, au 60, sensa inasema uongo, na umeligundua hilo bila kununua chochote. Vivyo hivyo kwa geji ya kupima mvuto wa hewa kwenye manifoldi. Injini nzima pwani husoma inchi 17 hadi 21. Huku toa karibu inchi nne. Fundi aliyekariri kitabu anaweza kuihukumu injini nzima kuwa valvu zake zinavuja, akaishusha hedi mara ya pili bure. Maji nayo huku huchemka kwenye nyuzi kama 96, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kinachoshikilia presha si kitu cha kufungwa kwa waya wala kubadilishwa na cha gari lolote.

Tuje kwenye taa inayopepesa. Kwa taa ya injini, hii ndiyo hali pekee inayotaka usimame. Taa ikiwaka na kuzimika mfululizo wakati injini inamisi, maana yake petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya masega yanayosafisha moshi (katalisti), ambayo huwa mekundu kwa joto na kuyeyuka. Ondoa mguu, punguza mzigo, simama. Namba zake ni P0300 kwa kumisi kusiko na mpangilio, na P0301 hadi P0304 kwa silinda ya kwanza hadi ya nne. Baada ya kazi ya hedi, anza na rahisi: koili na soketi zake, soketi za nozeli zilizobadilishana, plagi iliyopasuka kauri ilipokuwa inakazwa. Hamisha koili ya silinda inayomisi uipeleke nyingine. Namba ikihama nayo, umempata mwenye kosa. Isipohama, hamisha plagi. Jaribio hilo halihitaji hata shilingi.

Lakini iko kumisi moja ambayo inatakiwa imtie fundi wasiwasi wa kweli. Gari linalala usiku, asubuhi linawashwa na kumisi silinda moja kwa nusu dakika au dakika nzima, linatoa moshi mweupe, kisha linatulia na kwenda vizuri siku nzima. Namba inayobaki ni P0302, tuseme. Wengi hubadilisha koili. Kumbe usiku, presha ya rejeta ilipokuwa bado ipo, maji yalipenya kidogo kidogo hadi ndani ya silinda hiyo, na asubuhi plagi ikawa imelowa. Fungua plagi zote nne uzipange mezani: ile iliyo safi kuliko wenzake, imeoshwa kana kwamba ni mpya, ndiyo ya silinda inayoingiza maji. Tazama rejeta injini ikiwa baridi ndiyo kwanza inawashwa. Mapovu yasiyokoma ni moshi unaopita kwenye gasketi. Ipo pia dawa ya bluu ya kupima hewa ya juu ya maji, inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini, na naona kila gereji inayoshusha hedi ingepaswa kuwa nayo.

Hili linazihusu sana injini za familia ya AZ za Toyota, ikiwemo 1AZ-FSE ambayo mafundi wetu huiita D4, iliyomo kwenye Noah na Voxy za toleo lililoanza mwishoni mwa 2001. Bloku yake ni ya aluminiamu, na meno yanayoshika bolti za hedi, hasa upande wa nyuma, hung'oka injini ikichemsha. Fundi anafunga gasketi mpya, anakaza, anahisi bolti inazunguka kwa ulaini usio wa kawaida, ananyamaza. Gasketi haikukosea chochote, ila hakuna kinachoibana. Dawa yake ni kutoboa na kuweka bushi za chuma zenye meno mapya kwenye matundu yale, kazi ya mashine na ya mtu makini. Taa ikiwaka kwa kumisi asubuhi kwenye gari la namna hii, usiagize sensa. Uliza bolti zilikazwa kwa spana ya kupimia nguvu au kwa makadirio ya mkono, na kama zote zilifika kiwango.

Taimingi nayo ina namba zake. P0016 inasema kreni na kemu hazikubaliani. P0335 na P0340 zinataja sensa za kreni na kemu, na hizo mbili zinaweza kuwa soketi tu. Ila P0016 baada ya mnyororo au mkanda kuguswa, kwangu ni amri ya kufungua kifuniko na kutazama alama. Kabla ya kufunga injini yoyote, izungushwe kreni kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha alama zitazamwe upya, kwa kuwa tenshena ikijivuta ndipo jino linapohama. Ni kazi ya dakika chache, na kuiruka kunagharimu siku nzima. P0011, inayohusu kemu inayobadilisha pembe yake, hutokea gundi ya silikoni ikipakwa kwa wingi: kipande kinakatika, kinaingia kwenye oili, kinaziba chujio dogo la valvu ya kemu. Silikoni ina dhambi nyingine. Mvuke wa aina isiyo ya injini huua sensa ya oksijeni kabisa, na hapo, kweli, ni sensa.

Kusubiri vitu kutoka pwani si jambo geni katika nchi hii. Stanley alipoondoka Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 14 Machi 1872, Livingstone alibaki pale akisubiri wapagazi na mizigo kutoka pwani hadi tarehe 25 Agosti. Siku hizi spea huja kwa basi, lakini gari lililofunguliwa bado linaweza kukaa wiki kadhaa chini ya mwembe likingoja gasketi sahihi au hedi ya mtumba. Katika muda huo halibaki kama lilivyoachwa. Panya hutafuna nyaya, hasa zile zilizojificha chini ya manifoldi ya hewa. Nyigu wa udongo hujenga ndani ya vibomba vilivyoachwa wazi. Soketi hupata vumbi na kutu ya kijani. Fundi anayefunga gari lililokaa hivyo afuate waya kwa vidole kutoka soketi hadi soketi, na kila bomba alipulize kabla ya kulirudisha. Kufunga matambara safi na mifuko kwenye matundu siku ya kwanza kungeokoa yote hayo.

Na waya wa ethi. Huu hutoka kwenye betri kwenda kwenye injini, na nyingine ndogo hutoka kwenye injini au hedi kwenda kwenye bodi na kontroli boksi. Ukisahaulika mmoja, utapata namba tatu nne zisizo na uhusiano wowote, sensa ya joto, ya hewa, ya throtoli, zote kwa pamoja. Nikiona kundi la namba kama hilo sifikirii sensa hata moja. Nachukua mita, ncha moja kwenye bloku, nyingine kwenye hasi ya betri, mtu apige stata. Ikisoma nusu volti au zaidi, umeme unapata taabu kurudi, na tatizo ni kutu, rangi au bolti iliyolegea.

Mafuta nitayapita haraka. EWURA ilianza kuweka alama maalumu kwenye mafuta mwaka 2010 ili kunasa uchakachuaji, na ushuru wa mafuta ya taa uliopandishwa 2011 ulipunguza faida yake. Petroli ya dumu njiani kwenda Kitunda bado inaweza kuwa na maji au mabaki ya kilichokuwemo. Gari likinunuliwa mafuta hivyo siku ileile lililotoka gereji, mwambie fundi.

P0420 hutaja masega. Kama gari lilikuwa likila oili au maji kwa miezi kabla ya kutengenezwa, masega yanaweza kweli kuwa yamekufa. Ila hakikisha kwanza hakuna ekzosi inayovuja, na kwamba namba zote za kumisi zimemalizwa. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani, na wapo wanaofurahia kukushauri uyakate kwa kuwa wanajua wa kuwauzia.

Kwa magari ya miaka ya 1990, Corolla na Carina zenye kiboksi chenye maandishi ya DIAGNOSTIC chini ya boneti, huhitaji mashine. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha hesabu taa inavyopepesa. Kupepesa kwa mfululizo sawasawa ni salama. Mawili, kituo, mawili ni 22, joto la maji. Mawili na manne ni 24, joto la hewa. Matatu na moja ni 31, kipimo cha hewa. Usiguse matundu mengine.

Kosa likishapatikana na kurekebishwa, ndipo namba zifutwe, na gari lipewe nafasi ya kujifunza upya. Betri ikichomolewa, kontroli boksi husahau kiasi cha hewa inachohitaji kwenye sailensi, na kwa muda gari linaweza kunguruma juu, au injini ikazimika taa za mbele zikiwashwa. Hilo si kosa jipya. Liwashwe asubuhi likiwa baridi, liachwe dakika chache, lipelekwe Tabora kwa mwendo usiobadilika kwenye lami, kama kilometa 70, kwa kushika na kuachia taratibu, lizimwe, lipoe, lirudi. Kabla ya hapo fundi hawezi kusema limepona, hata kama dashibodi ni nyeusi, kwa kuwa vipimo vyenyewe havijafanyika. Mashine inaonyesha vipi vimekamilika na vipi bado. Ambaye hajafuta namba ataona taa ikizimika yenyewe baada ya safari tatu mfululizo bila kasoro, na kumbukumbu ikifutika baada ya injini kupata joto mara 40.

Ningependa kila gari linaloingia gereji kwa kazi kubwa lisomwe siku ya kuingia na siku ya kutoka, na namba ziandikwe kwenye karatasi: tarehe, kilometa, namba zilizokuwemo, zile asilimia za petroli kwenye sailensi na kwenye 2,500, mgandamizo wa kila silinda, na orodha ya kila kilichofunguliwa. Karatasi hiyo ikae kwenye droo ya dashibodi. Noah inayopeleka mgonjwa hospitali ya Kitete usiku inaweza kuwasha taa mikononi mwa dereva mwingine, mbele ya fundi mwingine wa Tabora, Mpanda au Chunya, na huyo atakuwa na mahali pa kuanzia.